Sauti ya Kuazima

Kijana wa Goma akishika maikrofoni huambiwa haraka kwamba anaiga: rapu ni ya Wamarekani, gitaa ni la Kinshasa, yeye mwenyewe yuko wapi? Lawama hiyo imebeba swali zito: je, mtu anaweza kusema ukweli wake kwa sauti aliyoazima? Naamini anaweza, na Seoul inatupa ushahidi. Aprili 1992 vijana watatu, Seo Taiji and Boys, waliimba rapu kwenye televisheni ya MBC, waamuzi wakawapa alama za chini. Vijana wa Korea Kusini wakawapokea kwa shangwe. Rapu waliikuta kwa wengine, lakini mwaka 1994 waliikemea kwayo shule iliyowakaba wanafunzi wake. Mwaka 1995 wakaguzi wa serikali walidai maneno ya wimbo wao “Sidae Yugam” yabadilishwe. Seo Taiji akayaondoa yote, wimbo ukatoka ala tupu. Mdundo wa kigeni wakaguzi waliuacha upite. Walichokiogopa ni maneno, kwa kuwa yaliwahusu wao. Mwaka 1996 ukaguzi huo wa kabla ya kutoa nyimbo ukafutwa.

Goma nayo inalijua jambo hili, tena kwa uchungu. Mwanamuziki Delcat Idengo aliwahi kutiwa gerezani kwa nyimbo za kuwakosoa watawala, na tarehe 13 Februari 2025, wiki chache baada ya waasi wa M23 kuuteka mji, aliuawa kwa risasi humu mjini akirekodi video. Katika mashtaka yake, asili ya midundo haikuwa hoja. Sanaa inakuwa yako pale unapokubali kuulizwa juu ya ulichokisema kwayo, na yeye alikubali.

Wapo watakaosema kuazima huishia sokoni, na hawakosei: Yang Hyun-suk, mmoja wa wale watatu, alianzisha mwaka 1996 kampuni iliyokuja kuwa YG Entertainment, inayowafunza waimbaji na kuwauza duniani. Wengine watasema basi turudi kwenye asili yetu. Ipi? Rumba, iliyoingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi mwaka 2021, ilitufikia tena kwa santuri za Cuba, na leo nani anathubutu kuiita ya wageni? Rais Mobutu naye aliihubiri asili: mwaka 1972 akawavua watu majina ya Kikristo, na vikundi vyake vya uhamasishaji vikacheza ngoma za mababu, kwa lugha za mababu, kumsifu yeye peke yake huku nchi ikiporwa.