Deni la Mpendwa

Tarehe 3 Julai 2006, Hidetoshi Nakata, kiungo mashuhuri wa Japani, aliiaga soka akiwa na umri wa miaka 29. Hakuwaita waandishi wa habari. Aliandika katika tovuti yake mwenyewe. Siku kumi na moja kabla, mjini Dortmund, Brazili iliifunga Japani mabao 4 kwa 1, naye akalala chali katikati ya uwanja, kipenga kimekwisha kulia zamani. Waliomtazama hawakujua kwamba wanaagwa.

Je, apendwaye na umati ana ruhusa ya kujiondokea? Wapo wasemao kipaji ni amana, haitupwi ingali na nguvu. Hoja hiyo inamlemea Nakata kuliko wengine, kwani ndiye aliyewapita wanamagazeti, asiowaamini, akasema na mashabiki ana kwa ana kupitia tovuti hiyo. Mlango aliufungua kwa mkono wake. Si ajabu wageni wakajiona wenyeji.

Lakini apokeaye barua hammiliki aliyeiandika. Mashabiki waliahidiwa mchezo, na mchezo waliupata: mabao mawili dhidi ya Juventus alipoanza ligi na Perugia mwaka 1998, kisha ubingwa wa Italia pamoja na Roma mwaka 2001. Miaka yake iliyosalia haikuwamo katika mapatano. Tena shabiki hutaja amana, ilhali anacholilia, mara nyingi, ni starehe yake mwenyewe.

Nakata akashika safari, nchi baada ya nchi. Baadaye akaizunguka Japani yenyewe, mkoa kwa mkoa, akijifunza kwa watengenezaji wa sake na mafundi wa kazi za mikono.