Je, Ni Kukosa Imani Kumwaga Zege Ugenini?



Mama mmoja mjane wa kanisa letu hapa Nakivale alitungoja mlangoni baada ya ibada. Wanawe walikuwa wamepata fedha za saruji kwa kugonga kokoto. Akauliza: "Mchungaji, nikimwaga zege nyumbani, si nitakuwa nimemwambia Mungu kwamba sirudi tena Kongo?"

Hatukumcheka. Sisi wenyewe tulikaa juu ya sakafu ya udongo miaka 11 kwa sababu hiyo hiyo, tena tuliihubiri. Leo tunaungama kwamba tulikosea. Tulidhani anayeteseka zaidi ndiye anayekumbuka nyumbani zaidi. Lakini vumbi halimkumbushi mtoto Kivu. Linamtia funza miguuni. Mtoto akienda shule akichechemea, ni yeye anayelipia msimamo wa baba yake.

Someni Yeremia sura ya 29. Nabii aliwaandikia mateka wa Babeli wajenge nyumba na kupanda bustani, na katika barua hiyo hiyo akawapa ahadi ya kurudi baada ya miaka 70. Wengine watasema Ibrahimu alikaa hemani. Ni kweli, ila Ibrahimu alikuwa na makundi ya mifugo na watumishi, hakuishi kwa mgao.

Neno gumu zaidi ni hili: ardhi si yetu. Sheria ya wakimbizi ya Uganda ya 2006 inatupa kiwanja cha kutumia, si cha kuuza. Tukiondoka, zege linabaki. Basi tunamjengea nani? Nakivale ilikuwa ikipokea Wanyarwanda hata kabla ya uhuru wa Uganda wa 1962, na sisi tumewakuta watu mahali hapa. Atakayekuja nyuma yetu naye atakuwa amekimbia. Hatuoni hasara akikuta pakavu pa kulaza mtoto.

Kwa hiyo kazi ifanywe kwa uaminifu. Ndoo 1 ya saruji, 2 za mchanga, 4 za kokoto. Fundi akipunguza saruji ili abaki nayo, au akizidisha maji ili kukoroga kuwe rahisi, sakafu itapendeza mwezi wa kwanza, kisha itamenyeka. Huo ni wizi, hata kama mwenye nyumba hajui.

Hatusemi kila mtu amwage. Chumba cha mita 3 kwa 4, unene wa sentimita 8, kinakula mifuko kama 6 ya kilo 50. Kama fedha hizo ni za dawa au karo, saruji ingoje.

Mama yule alichagua chumba kimoja, wanamolala wajukuu. Vijana wa kwaya walishindilia udongo, wakafunga mbao pembeni, wakapima usawa kwa mpira mwembamba wenye maji, maana maji husimama kimo kimoja pande zote mbili. Walipomaliza kusawazisha kwa ubao mrefu, wakangoja likaze kidogo, wakafunika kwa majani ya migomba. Sasa ni siku ya tano. Asubuhi na jioni analimwagia maji ili lisipasuke, na redio iko dirishani, anasikiliza habari za Masisi.