Thumuni Isiyo Thumuni

Agosti iliyopita nilikuwa Ndabibi kwa shosho, magharibi mwa Ziwa Naivasha, nikiandika kwenye simu tangazo la kuuza ploti. Mjomba alikuwa akinipa maneno. "Andika hivi: thumuni ya ekari, karibu na barabara, maji yapo." Nikaandika. Tulikuwa tunauza kipande kimoja ili binamu yangu amalize karo ya chuo, na mtihani ulikuwa umebakisha wiki tatu.

Kisha nikaangalia karatasi ya mpimaji. Mita 15 kwa mita 30, yaani mita mraba 450. Ekari moja ni kama mita mraba 4,047. Gawanya kwa nane, unapata karibu 506. Ploti yetu ilipungukiwa na mita mraba 56. Hapo mtu anajenga vyumba vitatu vya kupangisha na choo juu yake.

Mjomba hakushtuka. "Kila mtu anajua thumuni ni hamsini kwa mia."

Hata hiyo haikutuokoa. Futi 50 kwa futi 100 ni futi mraba 5,000, ilhali thumuni kamili ni 5,445. Na mita 15 kwa 30 ni ndogo hata kuliko hiyo hamsini kwa mia. Ardhi ilikuwa imepungua mara mbili njiani na jina likabaki lile lile.

Wakenya tunaishi na vipimo viwili. Sheria yetu ya vipimo, Sura 513, inafuata mita na kilo, na hatimiliki huandikwa kwa hekta. Lakini mdomoni ni ekari na futi. Hakuna anayekwambia ana hekta 0.045 Ndabibi. Ekari ni urithi wa walowezi: ardhi hii ya shosho ilikuwa sehemu ya ranchi ya Gilbert Colvile, mzungu wa ng'ombe, kabla ya sisi kuijua kama nyumbani. Marafiki zangu wa Nairobi wana jibu rahisi: tupa ekari, tupa futi, baki na mita. Ukoloni uishe.

Natamani ingekuwa rahisi hivyo. Shosho hajui hekta, lakini ekari anaijua kwa miguu. Anaizunguka, anahesabu hatua, anakuambia imeisha wapi, na hakosei sana. Ukimnyang'anya ekari leo, humtoi kwenye ukoloni. Unamtoa kwenye kipimo anachoweza kukagua mwenyewe na kumtia mikononi mwa mwenye kikokotoo. Siku ile, mwenye kikokotoo nilikuwa mimi.

Tena si kweli kwamba kilo humlinda mtu kwa kuwa kilo tu. Muulize shosho kuhusu viazi. Kanuni za viazi za mwaka 2019 zinasema gunia lisizidi kilo 50. Shosho ameona magunia yakishonewa kichwa cha wavu juu, lumbesa, mpaka yanasimama kama mtu amevaa kilemba, na broka analipa bei ya gunia moja. Akiuliza, anaambiwa, "Si gunia ni gunia, shosho?" Sokoni nako gorogoro imebonyezwa chini, na bado inaitwa gorogoro.

Hili si letu peke yetu. Mwaka 1789, Mfalme wa Ufaransa alipowataka raia waandike malalamiko yao, wakulima wengi walilalamikia vipimo. Ushuru ulilipwa kwa nafaka, na bwana wa eneo ndiye aliyekuwa na pishi ya kupimia. Miaka kumi baadaye mita na kilo zikawa sheria huko. Tunasimuliwa kwamba mita ni zawadi ya wanasayansi. Lakini kilio kilikuwa cha wakulima waliochoka na lumbesa yao.

Ndipo nikamwona mjomba kwa jicho jingine. Mwaka mzima humlaani broka. Sasa alikuwa anasema maneno ya broka, ila kwa ardhi: si thumuni ni thumuni? Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu.

Nimtendee haki: alikuwa na hoja mbili. Ya kwanza, barabara. Ukikata ekari ploti nane za mita mraba 450, zinabaki kama 447 za njia, na bila njia hakuna anayefika kwake. Ya pili, majina huhama. Sumuni ni neno lile lile la thumuni, moja ya nane, lakini sumuni tuliyonunulia peremende ilikuwa senti 50, nusu ya shilingi. Nani aliwahi kulia kwamba ameibiwa?

Hoja ya sumuni ilinikesha. Mwishowe niliona tofauti. Duka zima lilijua sumuni ni senti 50, muuzaji na mtoto mwenye peremende. Jina likihama na wote tukajua limehamia wapi, hiyo ni lugha tu. Likihama na mmoja wetu tu ndiye anayejua, huo ni wizi wenye adabu. Kwa hivyo sijiulizi tena kama futi ni bora au mita. Najiuliza kama aliye upande wa pili anajua ninachojua.

Aliyepiga simu alikuwa dada anayefanya kazi kwenye shamba la maua Naivasha, pesa zake za chama. Akauliza, "Ni thumuni kamili, kaka?"

Nikamwambia ni mita 15 kwa 30, na thumuni kamili ingekuwa na mita mraba 56 zaidi. Akanyamaza. Tulikuwa tunaomba 400,000. Akasema, "Basi punguza 40,000." Sikuwa na jibu, maana hesabu yake ilikaribiana na yangu.

Tuliuza 360,000. Salio la karo nilikopa, na bado nalipa. Mjomba alinisema wiki nzima: kwamba nimesomeshwa ili niisaidie familia, nikaenda kumsaidia mgeni. Sikuweza kumbishia sana. Pesa ilikuwa ya kweli na shida ilikuwa ya kweli.

Shosho ndiye aliyeuliza swali moja tu, huku akichambua maharagwe. "Yule msichana, umemwonyesha mipaka kwa miguu?"

Nikamwambia nimemtumia vipimo kwa simu.

"Hapana. Akija, mzungushe."

Alipokuja tulizunguka, bikoni hadi bikoni. Yeye alihesabu hatua kwa sauti, mimi nikasoma mita.