Simba wa Noti

Hapa Keko, mahali ambapo huwezi kutembea hatua mia bila kusikia randa na nyundo, ninaye jirani fundi seremala aliyekuwa zamani mwanafunzi wangu. Asubuhi moja nilimkuta akichonga simba kwenye ubao wa kichwani wa kitanda cha mninga. Kando yake alikuwa ameweka noti ya shilingi 2,000, akiitazama kila baada ya mapigo machache ya patasi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Na hiyo noti ya nini?"

"Nitamtazama wapi pengine? Simba mimi namjua wa hapa tu." Tukacheka. Kisha akasema kwa upole, bila kunilaumu, "Siku ile mlipokwenda Mikumi mimi nilibaki."

Nilirudi nyumbani na neno hilo, nalo halijaniacha. Limenifanya nijiulize: mwananchi wa kawaida ana sababu gani ya kwenda kuwatazama wanyama pori?

Jibu tulilozoea ni fedha za kigeni. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Silikatai jibu hilo, maana fedha hizo zimesomesha na zimelisha wengi. Lakini, ndugu msomaji, hiyo ni sababu ya kumkaribisha mgeni. Si sababu ya mwenyeji kwenda. Tena ina hatari ndani yake. Ikiwa tembo thamani yake ni fedha tu, basi atakapotokea mtu wa kulipa zaidi kwa ajili ya meno yake, tutamjibu nini?

Mtu huyo alitokea. Mwaka 2009 nchi yetu ilihesabiwa kuwa na tembo zaidi ya 109,000. Mwaka 2014 walibaki kama 43,000. Nayo maafa hayo hayakuwa ya porini tu. Novemba 2013, katika nyumba moja ya Mikocheni, humu humu jijini, yalikamatwa meno 706. Kila tembo ana meno mawili; hao ni tembo wasiopungua 353. Nakiri kwamba nilisoma habari ile, nikaguna, nikafungua ukurasa wa michezo. Jioni alikuja mama mmoja niliyemfundisha, gazeti mkononi, akaniuliza, "Mwalimu, ndio wale?" Yeye alikuwa mmoja wa watoto niliokwenda nao Mikumi mwaka 1991.

Siku ile tuliondoka usiku ili tufike mapema. Njiani watoto waliimba mpaka sauti zikawakauka. Tulipoingia katika uwanda wa Mkata, kundi la tembo likavuka mbele ya gari letu taratibu, wadogo wakiwa katikati ya wakubwa. Watoto wote wakanyamaza. Kwa miaka yote niliyofundisha sikuwahi kupata darasa tulivu kama lile, wala sikuwa nimesema neno. Hatimaye binti huyo akanong'ona, "Hawajali kabisa kama tupo."

Nadhani hiyo ndiyo sababu ninayoitafuta. Mtu anayeishi mjini huona kila kitu kimewekwa kwa ajili yake: barabara, duka, bomba la maji. Ni vema mara moja maishani asimame mbele ya kiumbe ambaye hakuumbwa kwa matumizi yake. Hapo hujifunza unyenyekevu ambao mimi kwa chaki sikuweza kuufundisha.

Septemba 1961, miezi mitatu kabla ya Uhuru, Mwalimu Nyerere alitoa ile Ilani ya Arusha kuhusu wanyama pori, ambayo wengi huichanganya na Azimio la 1967. Humo wanyama hawa walitajwa kwanza kuwa ni chemchemi ya mshangao, ndipo ikafuata habari ya riziki na ustawi wetu. Tena taifa lilikubali kuwa mdhamini wao kwa niaba ya wajukuu. Huo ni uamana. Nayo amana haitunzwi vizuri na mtu asiyejua kilichomo ndani ya sanduku.

Najua yupo atakayeniambia: "Mzee, mtu hajapata unga, wewe unamtuma kutazama twiga?" Hoja hiyo ni nzito. Iko nyingine nzito zaidi, ya mkulima aliyelala na njaa kwa sababu tembo wamemaliza mahindi yake, na ya Wamasai waliohamishwa kutoka Serengeti mwaka 1959 ili iwe hifadhi. Hao wamelipa gharama ambayo sisi wa mjini hatukuilipa. Lakini hoja hizo hazinipi ruhusa ya kukaa nyumbani. Zinanikumbusha kwamba kilichogharimu watu wengine mashamba na makao si haki kukijua kwa sura ya noti tu.

Nirudi kwa fundi wangu. Mwaka ule nilikuwa mwalimu mkuu, na nilitangaza kwamba kila mtoto alete nauli. Walioleta walikwenda, wasioleta walibaki. Niliona huo ndio utaratibu, na siku ile sikuuliza ni nani waliobaki wala walishinda wakifanya nini. Leo naona niliwafundisha somo bila kukusudia: kwamba wanyama wa nchi yao ni wa wenye fedha. Mtoto yule alilielewa somo hilo vizuri mno. Miaka thelathini na zaidi baadaye bado anamsoma simba kwenye pesa.

Kutoka hapa hadi Mikumi ni safari ya saa chache, na kiingilio cha mwananchi ni kidogo sana kikilinganishwa na cha mgeni. Kinachotushinda zaidi ni gari, na mazoea ya kudhani mambo hayo hayatuhusu. Nimemwambia fundi kwamba shule zikifungwa tutakwenda pamoja, yeye na mwanawe, kwa nauli yangu. Alikataa kwanza, akisema mimi ni mzee wa pensheni. Nikamjibu kwamba simpi zawadi, nalipa deni.