Siku ya Tisini

Binamu yangu hupiga simu saa tisa usiku. Kwake New York huwa ni saa mbili usiku. Ametoka kazini kwenye ghala la mizigo, amekula, na usingizi hauji. Mimi huku Umoja nimelala kitambo, lakini napokea. Tunaongea kuhusu Gor, bei ya unga, harusi ya dadake. Kisha kimya. Kisha ananiambia, "Haya brathe, lala."

Ilinichukua karibu miaka miwili kuelewa kile kimya.

Alijiunga na National Guard miaka michache baada ya kuhamia Marekani. Hilo ni jeshi la akiba la kila jimbo, chini ya gavana, ingawa rais pia anaweza kuliita. Kwa kawaida ni wikendi moja kwa mwezi na wiki mbili kwa mwaka. Siku zilizobaki wewe ni raia kama wengine: unaendesha teksi, unasoma chuo, unapanga maboksi. Kwa kijana mhamiaji hesabu ilikuwa tamu. Karo inasaidiwa, njia ya uraia inafupika. Sisi nyumbani tulimwita soja na kuiweka picha yake kwa status.

Halafu ikaja korona. Mwaka wa 2020 maelfu ya askari hao waliitwa kote Marekani: wengine kupima watu, wengine kugawa chakula. Binamu yangu alikuwa kati ya waliosaidia ofisi ya mchunguzi wa maiti jijini New York, kuchukua miili ya watu waliofia nyumbani. Ghorofa ya nne, ya tano, ngazi nyembamba. Alikuwa amefundishwa kulenga shabaha. Hakuna aliyemfundisha kumbeba nyanya ya mtu mbele ya wajukuu wake.

Amri ilipoisha, alirudisha vifaa, na Jumatatu akarudi kazini. Askari wa kudumu akitoka kazi ya aina hiyo hurudi kambini, kati ya wenzake waliokuwa naye. Askari wa akiba hurudi kwa watu wanaomuuliza, "Ulikuwa likizo?"

Usingizi ulipokataa kabisa, alienda ofisi moja kuuliza kama anaweza kupata matibabu. Karani akapekua karatasi, akamweleza kwa upole kwamba siku alizotumikia, na aina ya amri iliyomwita, hazimfanyi kuwa mkongwe wa jeshi kisheria.

"Mimi nilikuwa nahesabu maiti, brathe," aliniambia. "Wao walikuwa wanahesabu siku."

Nilidhani anatia chumvi, hadi nikaanza kusoma. Mei 2020 magazeti ya huko yaliripoti kwamba amri ya kazi ya korona ingeisha tarehe 24 Juni. Kwa baadhi ya askari, hiyo ingekuwa siku ya 89. Ili muda huo uhesabiwe katika kustaafu mapema na kulipiwa masomo, walihitaji siku 90. Baada ya kelele, muda ukaongezwa. Lakini fikiria tu kwamba ilihitajika kelele.

Kuna lingine. Askari wa akiba akiumia kwenye mazoezi ya wikendi, sheria inaweza kumtambua. Akiugua, hapana, isipokuwa ni mshtuko wa moyo, moyo kusimama au kiharusi. Mguu ukivunjika, kila mtu anaona ni jeraha. Akili je? Iliumia au iliugua? Swali hilo wanafalsafa wangelijadili mwaka mzima bila kumaliza. Mgonjwa anatakiwa kulijibu kwenye fomu.

Na mwisho wa 2016 ilipitishwa sheria ya kuwaita wakongwe wale waliotumikia miaka 20 katika jeshi la akiba bila kuwa na siku za kutosha za kazi ya kudumu. Sheria hiyo hiyo ikasema wazi kwamba heshima hiyo haiwapi haki ya marupurupu yoyote. Yaani tunakupigia saluti, lakini daktari utafute mwenyewe.

Rafiki yangu mmoja, wakili, alinipinga. "Nchi lazima ichore mstari mahali. Aliyekaa Afghanistan mwaka mzima na aliyefanya wikendi zake karibu na kwao walipwe sawa?" Ni hoja nzito, na sitaki kuiruka. Pensheni ipimwe kwa siku, sawa. Karo pia. Hayo ni malipo, na malipo ya haki hufuata kazi: aliyelima zaidi, alipwe zaidi.

Lakini matibabu si mshahara. Mshahara unajibu swali, "Umefanya kazi kiasi gani?" Matibabu yanajibu swali, "Umeumia wapi?" Tukiyachanganya maswali haya mawili, tunamwambia mtu aliyevunjika siku ya tatu kwamba hajavunjika vya kutosha. Aliyekuamuru uende mahali fulani ana deni la kile kilichokupata huko, iwe ulikaa siku moja au mia. Mtumishi wa muda hapewi hatari ya muda. Maiti haikuwa nusu maiti kwa sababu aliyeibeba ni askari wa wikendi.

Na tusicheke Wamarekani. Hapa kwetu, Turkana na Baringo, kuna polisi wa akiba ambao kwa miaka mingi walibeba bunduki ya serikali bila mshahara, wakilinda vijiji asubuhi na kuchunga mifugo yao mchana. Risasi ya jangili haikuwauliza kama ni waajiriwa.

Hata sisi familia tulihesabu. Tulihesabu dola. Kila mtu alikuwa na namba ya binamu yangu: wa harambee, wa karo, wa paa la nyumba ya shosho. Mimi mwenyewe nilimwomba pesa ya laptopu mwezi ule ule aliokuwa akipanda zile ngazi. Alituma. Sikumuuliza anafanya kazi gani huko, kwa sababu jibu lingenizuia kuomba.

Aliyemfungulia mlango mwishowe ni mwenzake wa kikosi. Alimwambia kuhusu Vet Center, vituo vya ushauri vilivyoanzishwa mwaka wa 1979, ambavyo sasa vinapokea pia askari wa akiba walioitwa wakati wa dharura au majanga. Ni bure, na siri inatunzwa. Kuna pia simu ya dharura: 988, kisha unabonyeza 1, hata kama hujasajiliwa popote. Kama una ndugu huko amevaa gwanda la wikendi, mtumie hizo namba kabla ya kumtumia bajeti ya harusi.

Sasa huenda kila Alhamisi. Hajapona, na sitajifanya amepona. Bado hupiga simu saa tisa usiku, na kimya bado huja. Tofauti ni kwamba siku hizi kikija sisemi lala salama. Namuuliza, "Leo ni ghorofa ya ngapi?" Na yeye huniambia.