Kwa Nini Twampenda Sungura Mjanja?

Nendeni jioni katika kijiji chochote cha Ugogo, wakati ng'ombe wamekwisha ingia zizini na ugali wa uwele umekwisha liwa, mkawaulize watoto wataka hadithi ya nani. Jawabu litakuwa moja: Sungura. Hawamtaki Tembo mwenye nguvu, wala Simba mfalme, wala Twiga mpole. Mimi ni mwalimu wa shule katika nchi hii ya Dodoma kwa miaka kumi sasa, na sijapata kuona darasa lililochoka naye. Hata watu wazima ni vivyo hivyo. Na wale wapendao vitabu humpenda Abunuwasi, ambaye kwa kweli ni Sungura aliyevaa kilemba.

Lakini hapa pana fumbo. Sungura ni mwongo, na Abunuwasi ni mwongo. Asubuhi twawafundisha watoto kwamba uongo ni dhambi, na jioni twawachekesha kwa habari za mwongo aliyeshinda. Je, hatubomoi jioni kile tulichojenga asubuhi? Swali hili nililidharau siku nyingi, mpaka siku moja lilipoingia darasani kwangu likasimama mbele yangu.

Ulikuwa mwaka wa mvua haba. Mto wetu, kama mito mingi ya nchi hii, hauonyeshi maji wakati wa kiangazi. Hapana budi kufukua mchanga mpaka maji yatokeze, kisha kuyateka kidogo kidogo kwa kata. Watoto huamka alfajiri kungojea zamu. Kijana mmoja wa darasa la nne alimkuta mtoto mdogo wa darasa la kwanza amekwisha jaza ndoo yake. Akamwambia kwa sauti ya hofu, "Kimbia, fisi yuko nyuma ya kichaka kile!" Mtoto akatimua mbio, na yule kijana akajitwika ndoo akaenda zake. Nilipomwuliza mbele ya wenzake, alijibu pasipo haya, "Mwalimu, nilifanya kama Sungura." Darasa zima likacheka. Nami, naungama, nilicheka.

Baadaye nikapata habari kwamba mtoto yule hukaa na bibi yake mgonjwa, na kwamba siku ile nyumbani mwao hapakupikwa kitu mpaka jua lilipokuchwa. Kicheko changu kikageuka kuwa uchungu, maana juma lile lile mimi ndiye niliyewasimulia habari za Sungura.

Hadithi niliyowasimulia ni ile ya Simba na kisima. Simba aliwaamuru wanyama wampelekee mmoja wao kila siku awe chakula chake. Zamu ya Sungura ilipofika, alikwenda kwa kuchelewa, akamwambia Simba kwamba njiani amezuiwa na simba mwingine ajigambaye kuwa ndiye mfalme. Simba akaghadhibika, akataka kuonyeshwa adui huyo. Sungura akampeleka kisimani. Simba akatazama, akaona uso wake mwenyewe majini, akajitupa humo akafa. Hadithi hii ni ya zamani sana. Imo katika vitabu vya kale vya Bara Hindi, na Waarabu wakaiandika katika kitabu cha Kalila na Dimna. Na kila ilikofika watu wameipenda.

Sababu yake si ngumu kuiona. Sungura ni mdogo. Hana pembe, hana makucha, hana jeshi. Ana masikio ya kusikilia, miguu ya kukimbilia, na akili. Na wengi wetu duniani tu wadogo. Waafrika waliochukuliwa utumwani Marekani walisimulia hadithi za namna hii usiku baada ya kazi, na huko sungura akaitwa Brer Rabbit. Joel Chandler Harris alizikusanya akazipiga chapa katika kitabu mwaka 1880. Mtu aliyefungwa minyororo hapendi hadithi ya Tembo. Tembo anamjua tayari. Ndiye bwana wake.

Nasi wa Ugogo twalijua jambo hili. Katika vita kuu ya kwanza majeshi ya Wadachi, na baada yao ya Waingereza, yalichukua ng'ombe, yalichukua nafaka, yalichukua na wanaume kuwa wapagazi. Kisha mvua ikakosa. Njaa iliyofuata, ya mwaka 1917 hata 1920, wazee waliiita Mtunya. Na yakadiriwa kwamba katika watu 150,000 wa nchi hii walikufa kama 30,000. Basi naliuliza: kama mama mmoja wakati ule alifukia debe moja la mtama chini ya jiko lake, akamwambia askari kwamba hana kitu, ili wanawe wapone, ni nani kati yetu atakayesimama kumhukumu kuwa mwivi? Sisemi kwamba uongo umekuwa kweli. Nasema kwamba mwenye kosa kubwa pale ni yule aliyekuja na bunduki kutafuta chakula cha watoto.

Abunuwasi naye ni hivyo. Maskini mmoja alikula chakula chake kikavu karibu na nyumba ya tajiri, huku akinusa harufu ya nyama. Tajiri akamshitaki alipe bei ya harufu. Abunuwasi akachukua fedha, akazigonga zikalia, akasema kwamba mlio wa fedha ndio malipo ya harufu ya nyama. Twacheka kwa sababu haki ilikuwa imepotea, na mtu mmoja mwenye akili ameirudisha.

Haya yote niliyafikiri, lakini hayakuniponya. Maana yule kijana naye alikuwa na akili, na mtoto mdogo hakuwa Simba. Nikaenda kwa mzee mmoja wa kijiji chetu, ajuaye hadithi nyingi, nikamweleza. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mjukuu wangu, umewapa watoto nusu ya Sungura. Umewapa kisima kimoja, na visima ni viwili."

Akanikumbusha hadithi ya kisima cha pili, ambayo wengi wetu twaijua. Jua lilikuwa kali, mito ikakauka, wanyama wakakubaliana kuchimba kisima. Wote wakachimba, ila Sungura alikataa, akasema ana shughuli. Maji yalipotokea, akaja usiku kuyaiba. Kila mlinzi aliyewekwa alidanganywa, hata wakubwa wenye nguvu. Mwisho Kobe akajitolea. Akapakwa ulimbo juu ya gamba lake, akajilaza majini kama jiwe. Sungura akaja, akakanyaga, mguu ukanasa. Akapiga kwa mkono, nao ukanasa. Mjanja wa wote akakamatwa na mnyama aendaye polepole kuliko wote, aibu ikampata mbele ya watu.

Mzee akasema, "Angalia, Sungura ni yule yule, na akili ni ile ile. Kwenye kisima cha kwanza alimdanganya mla watu, na wote wakapona. Kwenye kisima cha pili aliwaibia wale waliotoka jasho. Wazee wa kale walijua tofauti, wala hawakumwacha ashinde mahali pote."

Nikamwuliza, "Lakini Babu, kila mtu atakaye kudanganya atamwita mwenziwe Simba. Nani ataamua?"

Akanijibu, "Uliza swali moja tu. Baada ya hila yako, nani atalala na kiu?"

Wasomaji wapenzi, nimelipima swali hilo siku nyingi, na naona kwamba limebeba mambo mazito. Mwenye duka apunjaye mizani husema kwamba ni werevu. Ndugu aandikishaye shamba la mjane kwa jina lake husema kwamba ni akili. Karani achukuaye kidogo katika fedha za chama husema kwamba wakubwa nao huchukua. Wote hawa hujiona Sungura wa kisima cha kwanza. Lakini tazama ni nani aliyelala na kiu, nawe utajua wamesimama kisima gani.

Wengine watasema, afadhali tuwape watoto watu wema peke yao, kama Adili wa Shaaban Robert, katika kitabu kilichotoka mwaka 1952. Nduguze walimtupa baharini. Walipogeuzwa manyani naye akaamriwa kuwapiga kila usiku, aliwaonea huruma. Mimi nampenda Adili, na darasani namsoma. Lakini mtoto aliyemjua Adili peke yake aweza kudhani kwamba wema ni kuvumilia tu. Na mtoto aliyemjua Sungura peke yake atadhani kwamba kushinda ndiko wema. Nyumba moja yahitaji wote wawili.

Siku ya pili nilisimulia darasani hadithi ya kisima cha Kobe, wala sikumtaja mtu. Nilipofika pale mguu uliponasa, hakuna aliyecheka. Nikamwagiza yule kijana amtekee maji bibi yule mgonjwa kwa mwezi mmoja. Kama moyo wake uligeuka, sijui. Moyo wa mtu ni kichaka. Najua kwamba mwezi ulipokwisha, nilimwona tena alfajiri mtoni, na ndoo mbili.

Basi, ndugu walimu na wazazi, msiache kumsimulia Sungura. Watoto wetu ni wadogo, na simba wangali wapo. Lakini kila mkisimulia kisima cha Simba, simulieni na kisima cha Kobe, wala mtoto asiende kulala na nusu ya hadithi.