Je, Yafaa Kuuza Hofu?

Katika mji wa Chicago, nchi ya Marekani, iko nyumba ya sinema iitwayo Music Box, iliyofunguliwa mwaka 1929. Huko, katika mwezi wa Oktoba, hufanywa mkesha wa picha za kutisha, nao huendelea muda wa saa 24. Watu hulipa kiingilio, hukaa pamoja gizani, hupiga kelele kwa hofu, kisha hucheka.

Wako waulizao: Je, ni halali kupata faida kwa hofu ya mwenzako? Swali hili ni la haki, wala tusilipuuze. Lakini tuwakumbuke bibi zetu. Wao nao walisimulia habari za zimwi usiku, na watoto wakatetemeka. Ila bibi alimjua kila mtoto, na hadithi ilipokwisha alilala karibu nao. Hofu ile haikuwa ukatili, maana aliyeitia alibaki kuwalinda.

Basi, kosa si kutisha, bali ni kutisha na kuacha. Mwenye kutangaza mkesha hawajui wageni wake kama bibi awajuavyo wajukuu. Kwa hiyo imempasa kusema kweli katika tangazo lake, asimwingize mtoto kwa tamaa ya kiingilio, wala asimzuie atakaye kutoka. Asipofanya hivyo, auzacho si burudani tena, ni udhaifu wa watu.

Na sisi tuwatishao watoto wetu ili watii, kisha tusiwafariji, tujiulize wenyewe kwanza.